Tablo ya Land Rover ya zamani: nyaya zake unaweza kuzirudisha mwenyewe

Land Rover Series III ya baba mkwe wangu ilikaa uani hapa Bukavu misimu kadhaa ya mvua bila mtu kuigusa. Siku niliyotia ufunguo, sindano ya mafuta na ile ya joto zilipanda zote mbili kupita kiasi, ingawa tangi lilikuwa kavu na injini baridi. Vitaa vya tablo (dashibodi) viliwaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Fundi mmoja alichungulia chini ya usukani nusu dakika, akasema: "Papa, tukate zote, tuvute mpya." Nilimshukuru, nikamlipia soda.

Nyaya za kiwandani mara nyingi bado ni nzima. Kinachoua tablo ni masi iliyooza, yaani ile njia ya umeme kurudi kwenye batri kupitia chuma cha gari, pamoja na viungo vya watu waliopita hapo kabla yako. Nyuma ya yangu nilikuta waya ngumu ya nyumba, ile ya kuvutia ukutani, imesokotwa na waya ya gari na kuzungushiwa skochi.

Hatua ya 1: pima kabla ya kufungua

Washa taa kubwa. Weka mita kwenye volti za DC, mguu mweusi kwenye nguzo ya hasi ya batri, mwekundu kwenye chuma cha tablo. Ikizidi volti 0.2, masi yako ni mbovu. Yangu ilisoma 1.4. Andika namba hiyo mahali, utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: tenga batri, piga picha, weka alama

Anza na upande uliofungwa kwenye bodi. Spana ikigusa bati wakati huo, hakuna cheche. Kwenye Series III upande huo ni hasi, lakini Land Rover za mwanzo wa miaka ya 1960 na kurudi nyuma zilikuwa na masi ya chanya, kwa hiyo tazama kwanza.

Ondoa skurubu za tablo, livute taratibu, kisha ufungue kwa vidole ile nati ya kebo ya spidi kwa nyuma. Ukisahau kebo hiyo na kuvuta kwa nguvu, utaivunja. Sasa piga picha pande zote, na simu iwe na chaji, maana umeme wetu mnaujua. Kila waya ipe kipande cha sparadra ya dawa chenye namba. Sparadra hukubali kalamu ya Bic na gundi yake haibanduki kwa jasho la mkono.

Hatua ya 3: soma rangi

Waingereza walitumia mpangilio wa Lucas, na ukiujua huhitaji kubahatisha. Kahawia hutoka kwenye batri moja kwa moja. Nyeupe huamka ukigeuza ufunguo. Kijani ni ile nyeupe baada ya kupita kwenye fizibo (fyuzi, kwa wasomaji wa Dar). Zambarau ina umeme muda wote lakini imelindwa na fizibo. Bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyekundu yenye mstari mweupe ni vitaa vya tablo. Kijani yenye mstari mweusi huenda kwenye tangi. Nyeusi ni masi. Kiwanda kilitumia rangi na mistari mingine pia, kwa hiyo linganisha na mchoro wa nyaya kabla ya kusema kuna mtu alipita.

Hatua ya 4: masi

Hapa usiharakishe. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, lakini ukuta unaobeba tablo ni chuma, na boliti ni chuma. Unyevu wa Ziwa Kivu ukikaa kati ya metali hizo mbili, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe unaozuia umeme. Kwenye ukuta wa chuma utakuta kutu. Fungua kila boliti ya masi, sugua kwa msasa mpaka metali ing'ae, sugua na kosi ya waya (kile kichwa cha metali mwishoni) pia, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi haitangulii msasa.

Kisha tafuta kijisanduku kidogo cha bati nyuma ya geji. Ndicho kinachoshusha volti 12 za batri hadi wastani wa 10 kwa ajili ya geji za mafuta na joto. Masi yake hupita kwenye bati lake lenyewe. Likipata kutu, kijisanduku hakikati tena, volti zote hupita, na sindano zote mbili hupanda pamoja. Kumbuka yangu! Nilikuwa tayari kununua geji mbili sokoni Kadutu, kumbe dawa ilikuwa kipande cha msasa.

Hatua ya 5: badilisha waya moja moja

Toa moja, weka moja, kisha uende kwa nyingine. Tumia waya ya gari yenye nyuzi nyingi, kwa sababu ile ngumu ya nyumba huvunjika kwa mtikisiko. Kwa vitaa na geji, milimita 1 ya mraba yatosha. Taa kubwa mbili za wati 60 hula ampea 10, zipe milimita 2 za mraba. Kosi zibane kwa koleo lake, si kwa meno ya pensi (plaisi).

Hatua ya 6: balbu kabla ya batri

Usirudishe batri moja kwa moja. Unga balbu ya breki ya wati 21 kati ya nguzo ya hasi na kebo yake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna waya inagusa bodi, lakini balbu haitaruhusu hata ampea 2 kupita, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Yangu iliwaka. Niliitikisa mikanda ya nyaya mmoja mmoja hadi ikazima: waya ya kahawia ilikuwa imebanwa na kona ya tablo.

Ikishatulia, ondoa balbu, funga kebo, washa taa, rudia kipimo cha kwanza. Nilipata 0.06. Geuza ufunguo uone kitaa chekundu cha chaji kinawaka. Kikiwa kimekufa, altaneta inaweza isianze kuchaji. Endesha wiki moja kwenye mashimo ya njia ya Panzi, kisha fungua tena zile skurubu na uvute kila kosi kwa vidole.