Mukau kwenye nyika kavu: hesabu ya mwaka wa kwanza hudanganya

Ukipanda mukau, mti wa mbao wa nyikani, huko Kitui au Kibwezi nchini Kenya mvua za Oktoba zikianza, shamba lililopaliliwa vizuri huonekana limeshika. Kinyang'anyiro huja baadaye, mizizi ya miti jirani ikianza kugombea maji yaleyale. Kwa hiyo jaribio la miti ya nyika huanzia kwenye nafasi kati ya mti na mti.

Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, mvua ya milimita 20 huupa kila mti lita 320, maji yasipotiririka. Kwa mita 5 kwa 5 ni lita 500, ila ekari itabeba miti kama 160 badala ya 250. Pakavu sana, chagua 5 kwa 5. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, kisha jenga tuta la hilali, lenye umbo la mwezi mchanga, upande wa chini wa mteremko. Udongo mweusi unaotuamisha maji uache. Humo mukau huoza mizizi.

Machipukizi ya ubavuni yatoe kwa kidole gumba yangali laini. Ukingoja hadi yahitaji panga, unaacha kidonda kwenye shina na fundo kwenye mbao.

Kiangazi mukau hupukutisha majani, na wengi huandika "umekufa" mapema. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: pakiwa kijani na unyevu, mti uko hai. Usiung'oe, rudi mvua zikinyesha.

Kila mwaka pima mwezi uleule. Paka mstari wa rangi mita 1.3 kutoka ardhini, upime kipenyo hapohapo daima. Lebo ya waya usiifunge shinani, kwani mti ukinenepa waya hukata gome.

Wastani peke yake usiuamini. Miti mitatu ya mita 2, 3 na 4 ina wastani wa mita 3. Ule mfupi ukifa, wastani unaruka hadi 3.5, na hakuna mti ulioongeza hata kidole. Andika daima pamoja: iliyopandwa, iliyo hai, kimo, kipenyo, na chanzo cha kifo kama kinajulikana, mchwa, mbuzi au ukame. Miche ya kujazia mapengo iwe na alama yake, isichanganywe na ya awali.