Ukitembelea shule ya Japani, omba kushiriki usafi

Nafundisha jiografia sekondari, Morogoro. Niliwahi kupeleka wanafunzi sita wa kidato cha tatu kwenye shule ya mji mdogo mkoani Yamagata, kaskazini mwa Japani. Namwandikia mwalimu mwenzangu ambaye ameshapata mwaliko na sasa anajiandaa.

Anza na viatu. Mlangoni kuna makabati. Viatu vya nje vinabaki hapo, na kila mwanafunzi ana raba zake za ndani, uwabaki. Mgeni hupewa ndala, ila kwa kijana anayevaa namba 44 kisigino kinabaki nje na zinamchomoka akipanda ngazi. Kila mmoja abebe raba safi ambazo hazijakanyaga nje. Chooni kuna ndala nyingine, usitoke nazo.

Ratiba ikisema 8:30, ndiyo saa yetu mbili na nusu asubuhi. Fikeni mapema.

Chakula cha mchana huliwa darasani. Wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, wakapakua, na hakuna anayeonja mpaka wote wamepata na kusema kwa pamoja itadakimasu, neno la shukrani kabla ya kula. Kama mna Waislamu, andika wiki kadhaa kabla, kwa sababu orodha ya vyakula hupangwa kwa mwezi mzima. Usitaje nguruwe tu. Taja pia mirini, kiungo cha kupikia chenye kilevi.

Sasa darasani. Tulijieleza, tukaimba, nikauliza nani ana swali. Hakuna mkono ulioinuka. Mwanafunzi wangu mmoja alilengwa na machozi, akiamini hawakutaka kutuona. Waeleze wako kabla ya safari: kule, kujitokeza peke yako mbele ya darasa zima ni mzigo mkubwa, na kimya si chuki. Wagawe wanne wanne, uwape maswali madogo ya nyumbani. Nani anakuamsha asubuhi? Unatembea muda gani hadi shuleni?

Lakini kilichotufungulia mlango hasa ni usafi. Baada ya chakula muziki ulipigwa kwenye spika, shule nzima ikashika matambara. Wageni wengi hushangaa kuona wanafunzi wakideki. Sisi hilo halikutushangaza. Watoto wetu hufika alfajiri na fagio la chelewa mkononi. Kilichonigusa ni mwalimu mkuu, amepiga magoti anafuta ngazi. Kwetu mwalimu wa zamu husimama akikagua, na mara nyingi usafi wa ziada ndiyo adhabu yenyewe. Nilivua koti nikaomba tambara. Wanafunzi wangu wakainama pamoja na wenyeji, wakayasukuma matambara kwa mikono miwili kutoka mwanzo wa korido hadi mwisho, mbio. Hapo ndipo lilipotoka swali la kwanza: kwenu nani anasafisha? Baada ya hilo hawakunyamaza tena. Kwa hiyo liandike ombi hili kwenye barua yako, la sivyo saa hiyo mtapelekwa ofisini kunywa chai.

Wafundishe pia habari za Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni. Mwalimu mmoja wa makamo aliposikia Tanzania alilitaja jina hilo papo hapo, akasimulia marathoni ya Fukuoka ya 1983, Mjapani Toshihiko Seko alivyompita mwishoni kabisa. Ikangaa alishinda Tokyo mwaka uliofuata. Wanafunzi wangu hawakuwahi kumsikia, na iliniuma.

Picha za watoto usipige bila ruhusa ya mwalimu wao, na usizirushe mtandaoni.

Zawadi itolewe kwa mikono miwili. Tulipeleka kanga, jina lake tukalitafsiri kwenye karatasi: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu mkuu alisoma mara mbili, kisha akauliza mwenyeji anaumwa nini. Tulikaa nusu saa nzima kwenye swali hilo, wanafunzi wao na wetu, kila mmoja na jibu lake.