Gesi imevuja kiwandani, watafiti wanakuja: wakazi waingie vipi kwenye utafiti wa afya

Gesi ikivuja kiwandani, wa kwanza kufika ni zimamoto, kisha waandishi wa habari, kisha wanasheria. Watafiti wa afya huja nyuma ya wote, pengine miaka imeshapita, na dodoso lao limeshachapwa. Wakazi wanaambiwa "tunaomba ushirikiano wenu". Maana yake ni kwamba ujibu maswali, utoe damu, uweke sahihi, urudi nyumbani.

Mimi huo siuiti ushirikishwaji. Mkazi anatakiwa awepo pale swali la utafiti linapoandikwa, kwa sababu utafiti hujibu kile tu ulichoulizwa. Ukiulizwa juu ya mapafu hautasema lolote juu ya mimba zilizoharibika, hata kama mtaa mzima unazijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtafiti hajawahi kulala hapo.

Zifuatazo ni hatua ambazo kundi la wakazi linaweza kuanza nazo hata kabla hawajamjua mtafiti yeyote.

Hatua ya 1: Andikeni, na mwanze leo

Nitakaa sana hapa kwa sababu ndipo wengi hupoteza haki yao. Kila kaya iwe na ukurasa wake: nani alikuwepo, wapi hasa, ndani au nje, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa, saa ngapi harufu ilianza, upepo ulivuma kutoka wapi. Kisha dalili: macho kuwasha, kikohozi, kichwa, kichefuchefu, kutokwa damu puani, zilianza lini na zilikoma lini. Andikeni na aliyehama baada ya tukio, na alikohamia, maana huyo ndiye wa kwanza kusahaulika.

Kwa nini undani wote huo? Kwa sababu gesi haisambai kwa duara kama ramani za ofisini zinavyoonyesha. Klorini ni nzito kuliko hewa, hushuka mabondeni na kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Nyumba ya mbali iliyo bondeni, upande ambako upepo unaipeleka gesi, inaweza kupata gesi nyingi kuliko nyumba iliyo karibu na kiwanda lakini juu ya kilima. Mtafiti akipima umbali peke yake, atawaweka waliovuta gesi na wasiovuta kwenye kapu moja, na tofauti iliyokuwepo itafifia kwenye hesabu.

Harufu nayo ina siri yake. Hidrojeni salfaidi hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 katika milioni ya hewa, pua huacha kuinusa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mtu akisema "ilinuka, halafu harufu ikakatika ghafla", msimwandikie kwamba gesi iliisha. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema.

Waliobaki wazima nao waandikwe. Orodha ya wagonjwa peke yao itaangushwa kwa hoja moja tu: kwamba mlichagua mnachotaka kuonyesha. Tarehe ya kuandika ni muhimu kama maandishi yenyewe, kwani aliyeugua hukumbuka siku ile kwa undani kuliko asiyeugua, na watafiti wanalijua hilo, hivyo kumbukumbu ya miaka mitano baadaye huitilia shaka. Ukurasa ulioandikwa wiki ile ile ni vigumu kuupuuza.

Hatua ya 2: Daini sampuli mapema, na orodha kamili ya kemikali

Mwili hautunzi ushahidi wa kila kitu. Mabaki ya benzini, kemikali yenye sumu iliyomo hata kwenye petroli, kwenye mkojo huisha ndani ya siku chache. Sampuli isipochukuliwa haraka, hakuna maabara itakayoirudisha, na baadaye mtaambiwa "hakuna kipimo kinachothibitisha".

Tazameni Seveso, Italia. Tarehe 10 Julai 1976 kiwanda cha ICMESA kilimwaga wingu lenye dayoksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka mingi. Damu ya wakazi ilichukuliwa na kugandishwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, ulianza utafiti wa afya ya wanawake wa Seveso, na dayoksini ikapimwa kwenye damu ile ile ya zamani. Kila mwanamke akawa na kipimo chake mwenyewe badala ya kukadiriwa kwa mtaa alioishi. Damu iliyotunzwa vizuri iliwapa watafiti jibu la swali ambalo mwaka 1976 hakuna aliyejua kuliuliza.

Kabla ya kutoa sampuli ulizeni itatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuifungua. Jibu liwe la maandishi.

Pia msikubali kupewa jina la gesi moja. Aliso Canyon, karibu na Los Angeles nchini Marekani, uvujaji uligunduliwa tarehe 23 Oktoba 2015 kwenye kisima cha kuhifadhi gesi, na ukadhibitiwa Februari 2016. Gesi kuu ilikuwa methani. Lakini ndani ya gesi ile kulikuwa na viambato vya kutia harufu, na kiasi kidogo cha benzini, na wakazi wa Porter Ranch, mtaa wa jirani, walilalamikia vichwa kuuma, kichefuchefu na damu puani. Walidai kwa muda mrefu waelezwe kila kemikali iliyokuwemo, pamoja na zile zilizosukumwa kisimani ili kukiziba. Dai hilo ni la haki kabisa. Daktari hawezi kutafuta athari ya kitu asichoambiwa kilikuwepo.

Hatua ya 3: Undeni kamati yenye meno

Kamati ya wakazi isijazwe na wenye nafasi peke yao. Wapangaji wawemo, wafanyakazi wa kiwanda chenyewe wawemo (wao huenda walivuta gesi nyingi kuliko wote na ndio wanaoogopa zaidi kusema), na waliohama wawakilishwe. Mwenye mkataba na kampuni aseme hivyo waziwazi tangu kikao cha kwanza.

Ombeni hadidu za rejea zilizoandikwa, yaani maelezo ya kazi na mamlaka ya kamati, na tafuteni jibu la swali moja: kamati inashauri au inaamua? Zote mbili zinakubalika, mradi mjue. Kinachoumiza ni kuitwa vikaoni miaka miwili mkidhani mnaamua, kumbe maoni yenu yalikuwa yanawekwa kabatini. Ombeni pia mtaalamu wenu wa kujitegemea anayelipwa na bajeti ya utafiti, wa kuwasomea zile kurasa za takwimu na kuwaeleza kwa lugha mnayoielewa.

Aliso Canyon kuna funzo la pande mbili. Mwaka 2018 makubaliano ya kisheria na kampuni yalifikia dola milioni 119.5, na milioni 25 kati ya hizo zilitengwa kwa utafiti wa afya, chini ya usimamizi wa idara ya afya ya kaunti, kukiwa na kamati ya wanasayansi na kundi la ushauri la wakazi. Fedha zikawa mikononi mwa umma, na mimi naona hilo ni jambo jema. Ubaya ni muda: timu ya chuo kikuu cha UCLA ilichaguliwa mwaka 2022, zaidi ya miaka sita baada ya kisima kuzibwa. Ndiyo maana narudia hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Pigania swali na kundi la kulinganishia

Utafiti wa afya unaweza kuwa hesabu ya hatari iliyofanywa mezani kwa kutumia vipimo vya hewa vilivyopo. Unaweza pia kuwa uchunguzi wa watu wenyewe: kupima mapafu, damu, kufuatilia mafaili ya hospitali. Wakazi wengi wa Aliso Canyon walitaka huu wa pili, na nawaelewa. Hesabu ya mezani ni nafuu na ya haraka, lakini inategemea vipimo vya hewa ambavyo siku za mwanzo, gesi ilipokuwa nyingi, huenda havikuchukuliwa kabisa.

Kuhusu kundi la kulinganishia, yaani watu wasiofikiwa na gesi ambao afya yenu itapimwa dhidi ya yao, ulizeni ni nani hao. Wakichukuliwa watu wa mji wenye moshi mwingi wa magari, mapafu yenu yataonekana mazuri.

Na muda wa ufuatiliaji uandikwe, pamoja na tarehe ya kuchapisha. Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, methaili isosayaneti, gesi yenye sumu kali, ilivuja kiwandani na kuua maelfu. Baraza la utafiti wa tiba la India liliwafuatilia waathirika kuanzia 1985 hadi 1994. Ripoti ya ufuatiliaji huo ilitoka mwaka 2004. Miaka kumi! Watu walikufa bila kusoma kilichoandikwa kuhusu miili yao wenyewe. Wakati huohuo manusura na watetezi wao walikuwa wamekwisha anzisha kliniki ya Sambhavna, iliyotibu watu na kukusanya takwimu zake yenyewe.

Hatua ya 5: Ridhaa na matokeo

Fomu ya ridhaa ipitiwe na kamati kabla haijagawiwa. Iseme kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma, nani ataona jina lako, na utapewa majibu yako binafsi lini. Matokeo ya jumla yaletwe kwa wakazi kabla au siku ile ile yanapotolewa kwa vyombo vya habari, kwenye mkutano wenye nafasi ya kuuliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kampuni yenyewe inataka kulipia utafiti. Tukatae?

Marahaba. Msikimbilie kukataa, aliyechafua ndiye anayepaswa kulipa. Angalieni njia ya fedha. Zipite kwa mtu wa tatu, kama idara ya afya au mfuko unaosimamiwa na mahakama, na mkataba useme kampuni haichagui watafiti, haihariri ripoti na haiwezi kuizuia. Pia mpango wa utafiti uchapishwe kabla ya kazi kuanza, ili maswali yasibadilishwe majibu yakishaonekana. Wakikataa masharti haya, hapo ndipo mkatae.

Mimi sikuugua hata kidogo, nilikuwa safarini wiki ile. Wananitakia nini?

Wanakuhitaji sana, kaka. Bila watu kama wewe hakuna wa kulinganishwa naye. Jaza dodoso na useme ukweli kwamba hukuwepo.

Watafiti wamesema hawakuona "tofauti kubwa kitakwimu". Kwa hiyo tumezusha?

Hapana, mama. Inategemea waliangalia watu wangapi. Ugonjwa adimu ukitafutwa kwa watu mia mbili, unaweza kuongezeka maradufu na hesabu isitambue. Waulizeni hivi: "Kwa idadi hii ya watu, mngeweza kugundua ongezeko la ukubwa gani?" Wakisema ni ongezeko la mara tatu au zaidi tu, basi utafiti wao haujaondoa uwezekano wa ongezeko dogo kuliko hilo. Lakini kama waliwafuatilia watu wengi, kwa vipimo vizuri, na hawakuona kitu, hiyo ni habari njema na tuwe tayari kuipokea. Tulidai ukweli, na ukweli unaweza kuja na nafuu pia.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba gesi ilipovuja. Mtoto alizaliwa mdogo. Nisubiri utafiti uishe?

Usisubiri, dada. Utafiti hautibu mtu. Mpeleke mtoto kliniki na umwambie daktari kuhusu gesi, ili iandikwe kwenye faili lake. Tunza kadi yako ya kliniki ya wajawazito, maana ina tarehe na uzito, vitu viwili ambavyo watafiti huvitafuta kwanza. Hofu yako si ya ajabu: timu ya UCLA ilipochunguza uzazi karibu na Aliso Canyon, iliona watoto wenye uzito pungufu wameongezeka kupita matarajio miongoni mwa waliokuwa miezi ya mwisho ya mimba wakati wa uvujaji. Hiyo haithibitishi kilichompata mwanao, ila inatosha kudai mimba ziingizwe kwenye utafiti wenu tangu mwanzo.

Wakili wetu ametuambia tusijibu dodoso lolote kwa sababu kesi iko mahakamani. Tufanyeje?

Wakili ana sababu, kwani katika baadhi ya nchi majibu ya utafiti yanaweza kuitwa mahakamani. Lakini mkikaa kimya wote, utafiti utafanyika bila nyinyi na utatumika dhidi yenu. Wakalishe wakili na mtafiti mkuu meza moja. Wakili aulize kama kuna ulinzi wa kisheria wa siri za washiriki, majina yatatenganishwaje na majibu, na kama kila mshiriki atabaki na nakala ya alichojaza. Yale madaftari ya hatua ya kwanza mpeni wakili nakala, asili ibaki kwenu.