Kufuata fedha ya darasa la kijiji, kutoka barua ya halmashauri hadi kwenye nondo

Fedha ya darasa au zahanati ikishaingia kwenye akaunti ya shule au kituo, huweza kuisha ndani ya wiki chache tu. Anayetaka kujua imetumikaje akija baada ya ukuta kupigwa lipu, atabaki kusoma risiti. Nondo imeshafukiwa kwenye zege, mifuko ya saruji imeshachomwa, fundi ameshahamia kijiji kingine. Kwa hiyo ufuatiliaji wenye maana hufanyika saiti, siku ile ile vifaa vinaposhushwa, na watu wenye daftari, mizani na futi kamba.

Maelezo haya yanahusu vijiji vya mwambao na visiwa vya Mkoa wa Mwanza: Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Misungwi, Magu. Yanahusu miradi ambayo kamati za shule au kituo hununua vifaa na mafundi wa hapo hapo hujenga, utaratibu unaoitwa fosi akaunti. Ndio uliotumika sana mwaka 2021 kwenye madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, kila darasa likiwa na shilingi milioni 20. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu fedha inabaki karibu na wananchi. Ila ukaribu huo hausaidii kitu kama hakuna anayehesabu.

Watu wa kufuatilia

Kamati ya ufuatiliaji, ambayo wengi wanaiita kamati ya PETS (ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma), ichaguliwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Kwa mujibu wa sheria mkutano huo hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Watu watano hadi saba wanatosha. Asiingie mtu aliye kwenye kamati ya ujenzi, ya manunuzi au ya mapokezi, wala ndugu wa muuza vifaa. Mtu hawezi kukagua sahihi yake mwenyewe.

Tafuteni fundi mwashi mstaafu, karani aliyewahi kupima pamba, na mama anayeuza dagaa kwa mzani. Hawa watatu wana macho ambayo semina haiwezi kumpa mtu.

Vijiji vya dagaa viitishe mkutano wakati wa mbalamwezi. Kipindi cha giza wavuvi wako ziwani na taa usiku kucha, mchana wamelala, na wanawake wako kwenye vichanja wakianika. Mkutano wa kipindi hicho hukosa akidi, na kamati iliyochaguliwa bila akidi itakataliwa siku ya kwanza itakapouliza swali gumu.

Karatasi za kuomba

Mnahitaji taarifa ya benki inayoonyesha siku fedha ilipoingia na kila ilipotoka. Mnahitaji ramani na makadirio ya ujenzi, maana humo ndimo ilimoandikwa idadi ya mifuko, nondo na mabati. Mnahitaji mkataba wa fundi na mihtasari ya vikao vya kamati ya manunuzi. Halafu ombeni hati za kuagiza, hati za kupokelea vifaa, risiti za EFD (zile za mashine ya kielektroniki ya kodi) na leja ya stoo. Leja ndiyo karatasi inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayosema mengi: kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua, kilichobaki.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi:

*Ndugu Mtendaji wa Kijiji,*
*Yah: Maombi ya taarifa za ujenzi wa darasa, Shule ya Msingi (jina)*
*Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za: (1) taarifa ya benki ya akaunti ya mradi tangu fedha ilipoingia hadi leo, (2) makadirio ya ujenzi, (3) leja ya stoo, (4) hati za kupokelea vifaa pamoja na risiti zake. Niko tayari kulipia gharama ya nakala.*
*Jina, simu, sahihi, tarehe.*

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi na wewe. Bila muhuri na tarehe, huna pa kuanzia kuhesabu siku 30. Usiandike "naomba taarifa zote za mradi", maana ombi la namna hiyo hujibiwa kwa karatasi moja isiyo na kitu. Taja kila karatasi kwa jina. Ukikataliwa, andika tena kwa mkuu wa taasisi, ambaye kwa fedha za halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji, ukiomba uamuzi upitiwe upya. Chukueni nakala tu. Hati halisi zisitoke ofisini, kwa sababu ikipotea moja lawama itahama kutoka kwa aliyeiandika kuja kwenu.

Saiti, siku vifaa vinapofika

Nondo ndiyo inayoibiwa kwa akili zaidi. Mtu ananunua ya milimita 10, risiti inaandikwa ya 12, na kwa macho tofauti haionekani ikishafungwa. Msiipime kwa macho, ipimeni kwa mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.6. Ya milimita 10, urefu ule ule, ni kilo 7.4. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia dagaa inatosha kabisa. Chukueni nondo tano popote kwenye mzigo, pimeni moja moja, na urefu wake pia, maana nyingine hufika zimekatwa nusu mita. Kwenye mzigo wa nondo 40, kubadilisha 12 kwa 10 ni kupoteza chuma cha kilo 130, na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inabaki na nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja. Hilo linahusu paa litakaloning'inia juu ya vichwa vya watoto, kwa hiyo msilipuuze hata kama fedha iliyopotea inaonekana ndogo.

Saruji hesabuni mifuko, kisha angalieni hali yake. Mfuko uliolala kwenye boti lenye maji huganda pembeni. Ukifunguliwa una mabonge yasiyopondeka kwa vidole. Huo ukataliwe na uandikwe umekataliwa. Ukipokelewa kwa huruma, fundi ataongeza mifuko mingine na leja itaonyesha matumizi makubwa yasiyoelezeka.

Tofali za saruji zina hesabu yake. Mfuko wa kilo 50 hutoa kama tofali 30 za inchi 6. Tuseme darasa limetumia tofali 2,400: hiyo ni mifuko 80 hivi. Leja ikisema mifuko 120 ilitumika kufyatulia, ulizeni mifuko 40 iko wapi. Na fundi akijisifu kwamba anatoa tofali 50 kwa mfuko, msishangilie uchumi huo. Inueni tofali lililokauka vizuri hadi kiunoni, liachieni lianguke kwenye ardhi ngumu; likisambaratika kama udongo, kuna saruji iliyokwenda kwingine.

Kwenye mabati namba inadanganya wengi: geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Someni maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, si kwenye risiti.

Mchanga na kokoto huandikwa "tripu", na tripu si kipimo. Pimeni urefu, upana na kina cha bodi ya lori: mita 4 kwa 2 kwa 0.6 ni mita za ujazo 4.8. Andikeni hivyo, pamoja na namba ya gari.

Halafu kuna mawe. Mwanza haina shida ya mawe, na mara nyingi wananchi ndio wanaoyasogeza kama nguvu kazi, pamoja na maji na kuchimba msingi. Miezi miwili baadaye inatokea vocha ya "ununuzi wa mawe ya msingi". Dawa yake ni daftari la nguvu kazi linalojazwa kila siku: tarehe, kitongoji, watu wangapi, marundo mangapi, sahihi ya balozi wa nyumba kumi. Siku ya usomaji wa mapato na matumizi, daftari hilo linawekwa mezani kando ya vocha.

Visiwani ongezeni macho kwenye usafiri. Kupeleka saruji kwa boti kutoka Mwanza mjini kwenda kisiwani kunagharimu kweli, na hakuna anayepaswa kulibishia hilo. Tatizo ni kwamba wenye mitumbwi wengi hawana mashine ya EFD, basi gharama inaandikwa kwenye kipande cha daftari na inaweza kuwa namba yoyote. Takeni kila safari iwe na jina la chombo, tarehe, idadi ya mifuko na sahihi ya aliyepokea mwaloni, pale boti inaposhushia mzigo. Kisha linganisheni na nauli ya mzigo ambayo wenye maduka ya hapo kisiwani wanalipa kwa mfuko mmoja.

Kulinganisha

Chora safu nne kwenye daftari: kilichokadiriwa, kilicholipiwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Jazeni kifaa kimoja kimoja. Pengo kati ya safu ya pili na ya tatu linamhusu muuzaji na kamati ya mapokezi. Pengo kati ya ya tatu na ya nne linamhusu mtunza stoo na fundi. Ukijua pengo liko wapi, unajua swali la kumuuliza nani.

Risiti za EFD zina namba ya uhakiki na alama ya kuskani. Ziingizeni kwenye tovuti ya TRA muone kama kiasi na tarehe vinafanana. Angalieni sana malipo ya Juni. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na hofu ya fedha kurudishwa huwafanya watu walipe fundi kazi ambayo haijakamilika.

Njia hii inafaa hata kwa fedha za uendeshaji wa shule za msingi. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 kati yake zikienda shuleni moja kwa moja, yaani 500 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, shule ya watoto 800 ilitarajiwa kuona kama 400,000 kila mwezi. Kinachofuata ni kuhesabu watoto walioko darasani.

Pengo likithibitika

Anzeni kwa kuwauliza wahusika, kwa maandishi na kwa adabu, mkiwapa siku saba. Mapengo mengine yana maelezo: mvua ilibomoa mtaro wa msingi, halmashauri ilibadilisha ramani. Kutangaza wizi kabla ya kusikiliza kunaivunja kamati haraka kuliko vitisho.

Majibu yasipotosha, pelekeni jedwali kwenye Mkutano Mkuu na lichukuliwe kwenye muhtasari. Kisha liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni Mheshimiwa Diwani, na nakala kwa Mkurugenzi na Mkaguzi wa Ndani wa halmashauri. Msiridhike mkijibiwa kwamba halmashauri "ina hati safi" ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hati inayoridhisha maana yake hesabu ziliandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa. Haisemi kwamba kila mfuko wa saruji ulifika shuleni kwenu. Tena ripoti inayowasilishwa bungeni Aprili inahusu mwaka uliofungwa Juni iliyopita.

Kukiwa na dalili za risiti za kughushi au hongo, pigeni TAKUKURU namba 113, ni bure. Mkipiga, tajeni jina la mradi, kijiji na kata, kiasi kilichoingia na tarehe, kifaa chenye pengo, na karatasi mlizonazo mkononi. Daftari lenyewe lisilale nyumba moja na nakala zake.