Kompyuta ikiganda Micheweni nawe uko Chake Chake

Wenzangu mnaosimamia kompyuta ndogo za Linux huku Pemba, washeni saa mlinzi (watchdog). Imo ndani ya mashine nyingi tayari. Mfumo ukiganda na usiigutue kwa muda uliowekwa, saa hiyo inaiwasha mashine upya, hakuna haja ya mtu kupanda gari hadi Micheweni kubonyeza swichi.

Kuikagua, someni mafaili ya /sys/class/watchdog/watchdog0: state huonyesha kama inafanya kazi, timeout ni sekunde ilizopewa, na timeleft, draiva ikiruhusu, ni zilizobaki. Kuyasoma haya hakuna hatari yoyote.

Ila tafadhalini, msiiguse /dev/watchdog kwa amri ya kusoma faili, cat! Kuifungua tu kunaianzisha saa, na ikifungwa bila kuandikiwa herufi V inaendelea kuhesabu, halafu mashine inajiwasha upya katikati ya kazi za watu.

Kuiwasha au kubadilisha muda wake, andikeni RuntimeWatchdogSec=10 kwenye /etc/systemd/system.conf, chini ya [Manager], kisha washeni mashine upya. Kwa Raspberry Pi msizidishe sana, maana kihesabio cha chipu yake hakivuki sekunde 16.