Kusubu sanamu ya Krishna juu ya Kaliya

Leo tunasubu, yaani tunamimina shaba iliyoyeyushwa kwenye kalibu, kwa njia ya mafundi wa Swamimalai, karibu na Kumbakonam, kusini mwa India. Krishna, mungu wa Kihindu, hapa bado mtoto, anacheza juu ya kichwa cha Kaliya, nyoka aliyeutia sumu mto Yamuna. Wanaojifunza hukimbilia uso na mapambo. Mimi nasema anza na mkia: umepanda hadi kwenye mkono ulionyooshwa, na bila huo, mtu aliyesimama kwa mguu mmoja ataonekana anaanguka.

1. Vipimo. Kata ukuti wa mnazi urefu wa sanamu, uukunje. Mikunjo ndiyo itakayokugawia uso, kiwiliwili na miguu.

2. Nta. Changanya nta ya nyuki, utomvu wa miti na mafuta kidogo ya karanga. Finyanga viungo kimoja kimoja, uviunganishe kwa kisu cha moto. Jua likipanda, mguu ulioinuliwa hulegea, basi zamisha nta kwenye maji baridi kila mara. Usiseme utarekebisha kwenye shaba; utajuta.

3. Udongo. Tabaka la kwanza ni udongo laini wa mto Kaveri, mwembamba, uingie hadi kati ya vidole. Ukauke kivulini. Ongeza tabaka nene, funga kwa waya, acha matundu ya kumiminia na ya kutolea hewa.

4. Moto. Udongo huo sasa ndio kalibu: upashe, nta itoke yote. Mimina shaba kalibu ikiwa bado ya moto, bila kusita.

5. Ikipoa, vunja udongo. Kisha patasi, tupa, msasa. Macho huchongwa mwisho.

MASWALI

Mwalimu, kalibu naweza kuitumia tena?
Huwezi. Nta imeshayeyuka na udongo umevunjwa. Ukitaka ya pili, anza upya.

Naitofautishaje na sanamu ya Shiva, mungu mwingine wa Kihindu, anayecheza?
Shiva yule, Nataraja, kwa kawaida ana mikono minne na duara la moto, naye hukanyaga kibete Apasmara. Krishna ana mikono miwili. Wauzaji huzichanganya, tazama kilicho chini ya mguu.

Samahani mwalimu, mbona nyoka wangu wa kuigia ana kiwiliwili cha mtu na amekutanisha viganja?
Umepata mfano mzuri, ndugu yangu. Hivyo ndivyo walivyomsubu mafundi wa enzi ya Wachola, wafalme wa kale wa kusini mwa India: anasalimu amri. Krishna hakumuua; wake wa Kaliya walimwombea mume wao, naye Kaliya akaamriwa ahamie baharini. Kwa hiyo usimchonge kama mzoga, kichwa kibaki juu.