Namna ya Kuzisoma Tafakuri za Watu Mashuhuri Zikakufaa

Kauli ya mtu mashuhuri inapokugusa moyo, jambo la kwanza ni kuhakiki kwamba ni yake kweli. Sala inayoomba mtu afanywe chombo cha amani husomwa kwa jina la Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, ilhali nakala yake ya kwanza inayojulikana ilichapishwa katika jarida la Kifaransa mwaka 1912, bila jina la mtunzi. Vilevile, maneno yasemayo kwamba hofu yetu kubwa haitokani na upungufu wetu hudaiwa kuwa yalitamkwa na Nelson Mandela alipoapishwa mwaka 1994. Hayamo katika hotuba hiyo, kwani yaliandikwa na Mmarekani Marianne Williamson na kuchapishwa mwaka 1992. Itafute hotuba, barua au shajara ambamo kauli imetoka, na ikiwa kila unapoikuta imebeba jina tu, bila tarehe wala mahali, ihesabu kuwa haina mwenyewe. Hilo haliipunguzii sala ile uzito, nami bado naisali. Ila siwezi tena kuitoa kama ushahidi wa maisha ya Fransisko.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote, ni kuuliza msemaji alikuwa katika hali gani aliposema. Marcus Aurelius, aliyetawala Dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika tafakuri zake kwa Kigiriki akijisemesha mwenyewe, katika zama za vita mpakani na za maradhi ya kuambukiza yaliyowaua raia na askari wake. Anaposisitiza subira hamfundishi mtu. Anajikaripia, na msomaji asiyelijua hilo atamdhania kuwa mtu aliyekwisha kutulia. Mandela naye, aliposema kortini tarehe 20 Aprili 1964 kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya jamii huru yenye fursa sawa kwa wote, adhabu ya kifo ilikuwa mbele yake. Na tarehe 11 Februari 1990, siku aliyotoka gerezani, aliyarudia maneno yale yale mbele ya umati mjini Cape Town. Ziweke tarehe hizo mbili pamoja, kisha uisome kauli upya.

Katika imani, usiwatafute wenye uhakika peke yao. Mama Teresa, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1979, aliandika barua ambazo zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, naye humo anakiri giza na ukavu wa moyo katika sala uliomwandama kwa miongo mingi. Anayesali bila kusikia lolote atapata mwenzake hapo, kuliko katika kauli zenye furaha tupu.

Kuhusu afya, chukua ujasiri, uache tiba kwa daktari. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliugua kifua kikuu ujanani, na mwaka 1997, akiwa anaongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, akagundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa na akaendelea kuzungumzia ugonjwa wake waziwazi. Cha kuiga kwake ni uwazi huo.

Mwisho, weka daftari. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1961 akiwa safarini kutafuta usitishaji vita, aliacha nyumbani kwake maandishi ya siri ya miaka mingi kuhusu safari yake ya kiroho. Andika kauli moja kwa mkono, pamoja na jina, tarehe na hali ya msemaji, uishi nayo juma zima, na chini yake ueleze tukio moja ambamo uliitii au uliivunja. Juma likipita bila tukio lolote la kuandika, usigeuze ukurasa. Baki na kauli hiyo hiyo kwa juma jingine.